Mwanafalsafa kizimbani: kesi ya maziko ya S.M. Otieno

Silvano Melea Otieno, wakili wa kesi za jinai ambaye Nairobi nzima ilimwita S.M., alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Alizikwa tarehe 23 Mei 1987. Kwa siku 154 mwili wake ulilala mochari, huku mkewe na ukoo wake wakivutana mahakamani juu ya mahali pa kaburi. Msomaji wa Mombasa au Unguja, aliyezoea maiti kusaliwa na kuzikwa siku hiyohiyo, huenda akaona hesabu hiyo peke yake ni kashfa ya kutosha.

Kesi hii imesimuliwa mara nyingi kama kesi ya kabila, ya jinsia, au ya sheria. Mimi naileta kama kisa cha falsafa, kwa sababu ya shahidi mmoja. Profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka, alipanda kizimbani akala kiapo. Aliyoulizwa, na hasa yale ambayo hakuulizwa, yanaonyesha jinsi tunavyomtumia mwanafalsafa nusu nusu linapokuja jambo la umma.

Kwanza habari zenyewe. Mjane alikuwa Wambui Waiyaki Otieno, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki wa Hinga, mwanamke aliyepitia harakati za Mau Mau na baadaye siasa. Yeye na S.M. walioana mwaka 1963, ndoa ya sheria iliyoandikishwa. Walikuwa na nyumba Lang'ata na shamba Upper Matasia, upande wa Ngong, na Wambui alisema mumewe alitaka kulala huko Matasia. Upande wa pili alisimama ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, pamoja na Omolo Siranga, kiongozi wa ukoo wa Umira Kager jijini. Wao walisema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao S.M. ni Nyalgunga, Siaya.

Mwanzoni mwa Januari 1987 Jaji Frank Shields alimpa Wambui ruhusa ya kuzika. Alimwona S.M. kuwa mtu wa mjini na wa ulimwengu, ambaye ni vigumu kumfikiria akiwa chini ya sheria za kimila. Ukoo ukakata rufaa, amri ikatenguliwa, kesi ikasikilizwa kikamilifu mbele ya Jaji S.E.O. Bosire. Tarehe 13 Februari ukoo ukashinda. Tarehe 15 Mei Mahakama ya Rufaa ikamuunga mkono Bosire, na siku nane baadaye S.M. akazikwa Nyalgunga. Wambui hakwenda.

Katika miezi hiyo watu walifurika mahakamani na magazeti yalichapisha mahojiano ya mashahidi karibu neno kwa neno. Ushahidi wenyewe ulikuwa wa ajabu kidogo. Upande wa mjane ulichora picha ya mtu aliyependa Shakespeare na kutazama Perry Mason, filamu za televisheni za Kimarekani kuhusu wakili. Upande wa ukoo ulileta mchimba kaburi, aliyesema S.M. mwenyewe alimwambia kwamba siku yake ikifika amchimbie kaburi huko nyumbani. Wosia wa maandishi haukuwepo. Wakili aliyetumia maisha yake kupigania maneno ya watu wengine hakuwaachia watu wake hata mistari miwili.

Hapo ndipo penye kosa la kwanza la hoja, na pande zote mbili zililifanya. Kusoma Shakespeare hakumwambii mtu azikwe wapi. Kuhudhuria matanga ya ndugu Siaya nako hakumwambii. Mawakili walikusanya vipande vya maisha ya marehemu ili kujibu swali "alikuwa nani hasa, Mjaluo au mtu wa kisasa?", kana kwamba jibu likipatikana kaburi litajichimba lenyewe. Mamilioni ya watu Afrika Mashariki ni vyote viwili kila siku kabla ya saa sita mchana. Anayelipa ada ya shule kwa simu huku akiulizia mahari ya mpwa wake hajagawanyika popote. Swali la kweli lilikuwa jingine: katika mambo haya yote aliyokuwa nayo, ni lipi linalompa mtu mwingine haki ya kuamua juu ya mwili wake?

Sasa turudi kwa Odera Oruka. Alizaliwa Ugenya, hukohuko Siaya, akasomea Uppsala, Uswidi, na mwaka 1970 akaanza kufundisha Nairobi. Kazi iliyompa jina ni ile ya kuzunguka vijijini akiwahoji wazee wenye hekima. Alikuwa akijibu dai lililozagaa vyuoni, kwamba Waafrika wa jadi walikuwa na imani za pamoja tu, wala hakukuwa na mtu mmoja mmoja aliyekaa chini akazipima. Oruka aligawa wazee aliowahoji katika makundi mawili. Kuna mzee anayejua mila barabara, hazina ya jamii, ukimuuliza kwa nini anakujibu kuwa ndivyo wahenga walivyofanya. Na kuna mzee anayeijua mila vilevile lakini anaweza kusimama pembeni yake, akasema hapa wahenga walipatia, hapa walikosea, na sababu zangu ni hizi. Huyu wa pili, kama Paul Mbuya Akoko, ndiye Oruka alimwita mwanafalsafa hata kama hajawahi kuona chuo.

Ukoo ulimwita profesa huyu kama shahidi mtaalamu, naye akaeleza mila za Wajaluo kuhusu mauti na maziko. Angalia kilichotokea. Mtu aliyejenga taaluma yake yote juu ya tofauti kati ya kuijua mila na kuipima, mahakama ilimhitaji kwa ile nusu ya kwanza tu. Alitakiwa awe hazina. Je, Wajaluo wanafanya nini? Wanaamini nini? Swali la nusu ya pili, yaani je, ni haki kumfunga mtu huyu, na mjane huyu, kwa desturi hiyo, halikuwa lake. Simlaumu, shahidi hujibu anachoulizwa. Lakini ile ndiyo ilikuwa nafasi adimu ya kumuuliza mwanafalsafa jambo la kifalsafa mbele ya taifa zima lililokuwa likisikiliza, nayo ikapita.

Wala si kwamba sheria ilifunga mlango wa swali hilo. Sheria ya Mahakama ya Kenya, kifungu cha 3(2), inasema majaji waongozwe na mila za Kiafrika katika kesi za madai pale ambapo mmoja wa wahusika yuko chini ya mila hizo au anaguswa nazo, mradi mila zenyewe haziendi kinyume cha haki na maadili. Maneno hayo ya mwisho ni urithi wa kikoloni, yamebeba dharau ya mzungu aliyejiona ndiye kipimo cha maadili. Hata hivyo yanamtaka jaji afanye kazi ya mwanafalsafa: apime. Na yale ya mwanzo, "yuko chini ya mila", yanataka apime zaidi. Mtu huwekwaje chini ya mila?

Jibu la mahakama lilizunguka duara. S.M. yuko chini ya mila za Wajaluo kwa sababu ni Mjaluo. Ni Mjaluo kwa sababu baba yake ni Mjaluo, na mila za Wajaluo hufuata baba. Hatoki, kwa sababu mila hizo hazina utaratibu wa kutoka. Yaani ili kujua kama mila inamfunga, tuliiuliza mila yenyewe. Mdai akawa hakimu. Mahakama ya Rufaa ililiweka jambo hili waziwazi: kwa sasa, ilisema, hakuna njia ambayo Mwafrika raia wa Kenya anaweza kujivua uhusiano na kabila la baba yake iwapo mila za kabila hilo zinafuata upande wa baba.

Isome sentensi hiyo taratibu. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, na watu wa Umira Kager wangeweza kumrushia S.M. methali hiyo kihalali kabisa. Lakini methali inamkemea anayeacha, maana yake inakubali kwamba kuacha kunawezekana. Anayetoka atadharauliwa, atapungukiwa na watu, pengine atajuta, bado ametoka. Mahakama ilisema zaidi ya wahenga. Ilisema kutoka hakupo.

Hata wale wanaofikiri kwamba jamii ina madai makubwa juu ya mtu wake hawajawahi kufika huko. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anasimulia jinsi mwalimu wake Socrates, akisubiri kuuawa kwa sumu, alivyokataa kutoroka gerezani. Aliziwazia Sheria za Athens zikimwambia: tulikulea, tukakusomesha, na ulipokuwa mtu mzima lango lilikuwa wazi, kila asiyetupenda aliruhusiwa kuchukua mali yake na kwenda atakako. Wewe ulibaki miaka sabini. Ni hoja kali kweli ya wajibu kwa jamii. Nguvu yake yote, lakini, iko kwenye lile lango. Ukilifunga, kubaki kwa Socrates hakuthibitishi chochote tena.

Ni lazima niwe mwadilifu kwa upande wa pili wa duara hili. Wakili wa Wambui, John Khaminwa, alitegemea sheria ya Uingereza, na wengi waliomshangilia waliiona hiyo kuwa sheria isiyo na kabila. Sheria hiyohiyo ya Mahakama ya Kenya inasema sheria ya Uingereza inayotumika ni ile ya kawaida (common law) kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Nayo ni mila, mila za wahenga wa watu wengine, zilizogandishwa tarehe fulani. Jaji Shields alipomwona S.M. kuwa mtu wa ulimwengu mpana mno kwa sheria za kimila, alimhamisha tu kutoka boma moja kwenda jingine bila kumuuliza. Na maneno mengine yaliyosemwa juu ya mila za Wajaluo katika kipindi kile, kwamba ni ushenzi na uchawi, yalikuwa dharau tupu, si hoja.

Kwa maana hoja ya ukoo, ikisimamishwa vizuri, si nyepesi. Kwa Mjaluo nyumba ya kupanga au hata ya kununua mjini si boma. Boma huanzishwa kwa taratibu zake, na mwanamume ambaye hajaanzisha lake, kwao ni kwa baba yake. S.M., pamoja na mali zake zote Lang'ata na Matasia, hakuwa ameanzisha boma kwa macho ya ukoo. Kumzika ugenini ni kumwacha njiani, na walio hai watamsikia. Unaweza usiamini kwamba marehemu husumbua ndugu, lakini hofu ya anayeamini inamnyima usingizi uleule ambao hofu zako zinakunyima wewe. Tena kuna hoja ya deni. Msomi wa kizazi cha S.M. hakujisomesha peke yake. Watu walichanga, wakauza ng'ombe, wakamlea mtoto mmoja ili awe wa wote. Je, huyo anaweza kuamka siku moja akasema mimi si wenu tena, kwa kuwa ana pesa za kununua shamba Ngong?

Hoja hii ya deni inanigusa kuliko ile ya mizimu. Lakini deni hulipwa na aliyekopa, akiwa hai, na lina kikomo. Ukoo ungeweza kumdai S.M. ada za wapwa, msaada wa kesi, kuhudhuria misiba. Deni lisilokwisha hata kwa kifo, linalolipwa kwa mwili wa mdaiwa na kwa huzuni ya mkewe ambaye hakukopa, limeacha kuwa deni. Ama hofu ya mizimu, shida yake ni hii: ukiipa nguvu ya kuamua, anayeamini zaidi atashinda kila mara. Leo ukoo unaogopa mizimu, kesho ndugu mwingine ataogopa dini ya mjane, na mjane asiyeogopa kitu hatakuwa na la kuweka kwenye mizani.

Kuna jambo moja katika mila za Wajaluo wenyewe ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kuwa katikati ya mjadala. Mtu wao alipofia mbali na mwili usipatikane, amezama ziwani au amepotelea vitani, Wajaluo walichukua tunda la yago, mti ambao Waswahili huuita mwegea. Ni tunda refu, zito, la rangi ya vumbi, linaning'inia kwenye kikonyo chake kama mkono wa mtu. Walilizika tunda hilo nyumbani kwa heshima za mtu, wakalia, wakafanya taratibu zote, na marehemu akahesabiwa amefika. Mtu atasema hiyo ilikuwa ya mwili uliokosekana, sio mwili uliokataliwa, na ni kweli. Lakini inaonyesha kwamba wazee fulani, zamani, walikabiliwa na mauti ambayo kanuni haikuyatarajia, wakakaa, wakafikiri, wakatoka na njia. Walitenganisha heshima ya marehemu na nyama yake. Hicho ndicho kitendo ambacho Odera Oruka alikitafuta miaka yote akiwa na kinasa sauti chake. Mbele ya wazee, mila ina uwezo huo wa kujipinda. Mbele ya jaji, mila hugeuka ushahidi, ushahidi huandikwa, na kilichoandikwa hakipindiki tena.

Na mjane? Ajabu ni kwamba mtu aliyeishi na marehemu tangu 1963 alihesabiwa karibu kama mgeni katika shauri la maziko yake. Kwa mila iliyotolewa mahakamani, mke huolewa akaingia ukoo wa mume, hauongozi. Lakini Wambui hakuolewa kwa mila hiyo. Kama ndoa ya sheria ya 1963 ilikuwa na maana yoyote, ilikuwa kwamba wawili hawa walichagua waziwazi mkataba mwingine wa maisha, na wakaushika hadi mmoja akafa. Kama kuna ushahidi wowote wa mtu kupita langoni, ni huo, wala hauhitaji Shakespeare. Ndiyo sababu naona hukumu ilikosea, hata kama nusu ya ushahidi wa Nyalgunga ulikuwa wa kweli.

Mimi ningepima hivi. Neno la marehemu lingetangulia, kwa sababu ahadi kwa mtu haifi naye. Tunaheshimu wosia wa mali kwa msingi huohuo. Majaji wa Kenya walishasema kabla ya kesi hii kwamba matakwa ya marehemu kuhusu maziko hayafungi, ila yatekelezwe inapowezekana. Hapa neno lilipingana, kila upande na mashahidi wake, kwa hiyo halitoshi. Basi ningeangalia ni nani aliyejenga maisha na marehemu kwa hiari ya wote wawili, nikampa yeye mwili. Kisha ningeuambia ukoo kwamba haki yao ya kuomboleza kwa taratibu zao ni kamili, Nyalgunga, kwa kadiri wazee wao watakavyoona inafaa, na kwamba wazee wao wana akili ya kutosha kulitatua hilo. Ukoo ungeumia. Lakini ungebaki na kitu, wakati upande wa Wambui haukubakiziwa chochote.

Odera Oruka alifariki mwaka 1995, akigongwa na gari Nairobi. Katika miaka yake ya mwisho aliandika sana juu ya kile alichokiita kima cha chini cha ubinadamu: mahitaji ambayo bila hayo mtu hawezi hata kuwa mhusika wa maadili, na ambayo kwa hiyo yanatangulia madai ya mali na ya mipaka. Aliyaweka katika usalama wa mwili, afya na riziki, na mjadala wake ulikuwa zaidi juu ya njaa na misaada ya kigeni kuliko makaburi. Sijui kama yupo mchambuzi aliyekitumia kipimo hicho kurudi kwenye kaburi la Nyalgunga. Mtu ambaye kabila lake limeamuliwa kabisa na baba yake, bila mlango, amepungukiwa na kitu kilicho karibu sana na kima hicho.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeongeza vifungu ambavyo Wambui hakuwa navyo. Kifungu cha 2(4) kinabatilisha mila inayopingana na Katiba. Kifungu cha 44(3) kinakataza mtu yeyote kumlazimisha mwingine kushiriki desturi au taratibu za kimila. Wengi hudhani hicho cha pili kingemaliza kesi ya S.M. kwa siku moja. Sidhani. Kinamlinda mjane asilazimishwe kufanyiwa mambo ya ujane, na hilo si dogo. Lakini wakili wa ukoo angesimama akauliza kama maiti ni "mtu" anayeweza kulazimishwa, na lingekuwa swali halali. Ngao imara zaidi naiona katika kifungu cha 45(3), kinachowapa wanandoa haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa, na ndoa inapovunjika. Hapo sasa mahakama italazimika kuamua kama kifo kinaivunja ndoa kwa namna ambayo anayebaki anakuwa mgeni siku hiyohiyo. Hilo halijibiwi kwa kumuuliza mtaalamu Wajaluo hufanya nini, na safari hii shahidi wa falsafa akiitwa, itafaa wakili amuulize ile nusu nyingine.